Maua ya Leso na Uso wa Mama Yako

Changamwe, usiku wa kuamkia safari yako

Sidi mwanangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua. Umelala chumba cha pili, na Hawe wako, bibi yako aliyenizaa mimi, anakoroma kando yako kama mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Utakapoisoma barua hii utakuwa garini, umeshaipita Mazeras na Mariakani, labda umeanza kuiona ile ardhi nyekundu ya bara ambayo mimi baba yako sijawahi kuiona. Nimeitia juu kabisa ndani ya sanduku lako. Chini yake kuna vipande viwili vya kadibodi vilivyofungwa kwa uzi, na kati yavyo mna karatasi. Usiufungue uzi huo mpaka umalize kusoma. Najua huna subira, na hilo umelirithi kwangu, lakini mara hii nakuomba.

Mambo ya blanketi, ya baridi, ya kutokula vya watu njiani na ya kutosinzia ukiwa na mkoba mapajani, shangazi zako wamekwisha kukwambia mpaka masikio yamechoka. Sina la kuongeza. Ualimu watakufundisha huko chuoni, nami siujui. Nataka kukujibu lile ulilonitaka Jumapili ile tulipotoka kanisani.

Uliniambia, "Baba, wenzangu watakuwa na picha za mama zao. Nichoree mama, hata kadogo, niende naye." Nikakwambia nitaona, kisha nikaanza kuzungumzia mvua. Nilikuona ulivyonyamaza. Umelelewa na mtu ambaye kazi yake ni picha, aliyewachorea watoto wa shule pwani nzima kuku na mbuzi na mitungi, na hata siku moja hajakuchorea mama yako. Nadhani umejiuliza miaka mingi, na kwa adabu yako hukuniuliza. Sasa nakwambia sababu yake. Nakuandikia kwa kuwa mdomoni hayatoki, nimejaribu.

Nianzie mbali kidogo. Marehemu babu yako alikuwa mchongaji kule kwetu Kaloleni. Alichonga vinu, miiko na viti, lakini watu walimjia hasa kwa koma, vile vijiti vya mti mgumu vinavyosimamishwa nyumbani kwa ajili ya marehemu. Umeviona. Kichwa cha mviringo, shingo, kisha mwili unaoshuka moja kwa moja mpaka ardhini. Hakuna macho, hakuna pua, hakuna mikono. Baba alikuwa akichukua mti, anakata hapa, anakata pale, anapuliza vumbi, na mara amemaliza anaomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nasoma shule ya misheni, nikaona haya. Kwenye vitabu vya shule nilikuwa nimeona picha za Wazungu zenye kila unywele na kila kifungo cha koti, nikasema moyoni kwamba hiyo ndiyo kazi. Ya baba yangu niliiona kazi ya mtu anayechoka mapema.

Mkono wa kuchonga niliurithi kwake, kiburi nikajiongezea mwenyewe. Kwa mkono huo nikapata kazi kisiwani, kwenye matbaa ya kupiga chapa vitabu, nikichonga vibao vya picha. Unaijua kazi yenyewe, umekuja mara nyingi kuniletea chakula: picha huchongwa kinyumenyume juu ya kibao, panapobaki juu pakapakwa wino, karatasi ikagandamizwa. Hukumkuta Bwana Fonseka, msimamizi wetu wa siku hizo, Mgoa mfupi aliyevaa suruali yake karibu na makwapa. Kazi ya kwanza aliyonipa ni picha ya kuku, ya kitabu cha watoto wanaoanza kusoma.

Nilimchonga kuku yule wiki nzima. Nilimpa manyoya yake yote, moja moja. Nikamtilia mtama chini, na kila punje nikaipa kivuli chake. Bwana Fonseka alikitazama kibao, akashusha pumzi, akasema nikipige chapa mwenyewe. Tulipoinua karatasi, kuku hakuwapo. Wino ulikuwa umejaa katika ile mifereji yangu myembamba yote, likabaki donge jeusi lenye mdomo. Vijana wa mashine wakasema ni furushi la dobi.

"Danieli," Bwana Fonseka akaniambia, "wewe taka mimi sema kazi mzuri. Haya, kazi mzuri. Lakini kuku iko wapi?"

Tangu siku hiyo neno lake kwangu lilikuwa moja: toa. Nikileta mbuzi, toa. Nikileta nyumba yenye kila kuti la paa lake, toa, toa. Nilimchukia mtu yule. Jioni nikirudi nyumbani nilimwigiza mbele ya mama yako, napandisha suruali mpaka makwapani, nazunguka chumba kizima nikisema toa, naye Kache alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko chake kilianza kimyakimya, mabega tu yakitikisika, halafu sauti ikafuata baadaye. Hicho nakikumbuka vizuri.

Basi nikaanza kutoa, lakini nilitoa kwa hasira, kama mtu anayemwaga maji ya mwenziwe. Nikapewa picha ya mwanamke anayetoka kuteka maji. Nikamtoa bangili, nikamtoa shanga, nikatoa maua ya nguo yake, nikatoa na kata, ile nguo iliyoviringishwa anayoiweka kichwani chini ya mtungi. Nikafurahi. Nilimpelekea mama yako karatasi ya majaribio ili anisifu. Aliigeuza huku na huku.

"Mwanamke huyu hajapata kuteka maji," akasema.

"Kwa nini?"

"Mtungi wakaa juu ya n'ni? Kata yake umeiweka wapi?"

"Nimeitoa. Fonseka ataka vitu vichache."

"Mtoe maua, mtoe bangili, hata viatu hana. Kata huwezi kuitoa, Danieli. Mtungi utamvunjikia shingoni." Kisha mabega yakaanza kutikisika.

Sikulala vizuri siku ile kwa kuona haya, lakini kuanzia hapo nikaanza kuelewa. Kuna kitu kidogo kinachobeba picha nzima, na kuna kitu kidogo kinachojaza nafasi tu, na kwa macho vinaweza kulingana. Nilirudi kwa kuku. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamtazama kuku wa jirani mpaka jirani akaanza kuwa na wasiwasi nami. Nikaona kuku akitembea huinua mguu mmoja na kuusimamisha hewani kidogo, kama anaogopa kuukanyaga mahali asipopaamini. Nikamchonga mgongo, mkia, shingo, na mguu ule mmoja hewani. Manyoya hana hata moja, na mtama hakuna. Huyo ndiye kuku uliyejifunzia kusoma, Sidi. Ulimpa jina, ukawa unamlisha makombo juu ya ukurasa.

Ukisimama mbele ya ubao huko uendako utataka kuwachorea watoto wako vitu. Usiogope kuacha. Ila mtazame kuku kwanza mpaka umjue, ndipo uache, maana mtu anayeacha asichokijua hutoa na kata. Mimi nililijua hilo kazini, na nyumbani nikalisahau.

Ulipokuwa ndiyo kwanza unajifunza kukaa, mama yako alitaka tuvuke Makupa twende mjini kwa Mhindi mpiga picha. Alikuwa ameiona picha ya rafiki yake, mtoto magotini, imetiwa ukutani. Mara ya kwanza aliligusia tu. Mara ya pili alinitajia huku anapakua wali, nami nikacheka.

"Mumeo achora," nikamwambia, "kisha ukamlipe mtu mwenye sanduku?"

"Basi nichore wewe."

"Nitakuchora."

"Lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi ilipofika alioga mapema, akajifunga leso yake nzuri, ile ya korosho. Ilikuwa nyekundu ya kuiva, na pindo lake lote lilizungukwa na korosho kubwa, ndani yake maua madogo madogo na vitone. Akaketi kwenye kizingiti, wewe ukalazwa nyuma ya pazia. Nilichonga penseli yangu vizuri, nikaanza na leso.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini nilianza na leso. Jibu ni kwamba ilikuwa ngumu, nami nilitaka kuonekana. Kazini nilikuwa nikiambiwa toa, toa. Hapa nyumbani hapakuwa na Fonseka, nikasema leo nitatia kila kitu. Nikachora kila korosho, na kila ua lililo ndani ya korosho. Nilichora jinsi ua linavyokatika kwenye kunjo la nguo na kuendelea upande wa pili. Jua likaanza kugeuka. Mama yako mgongo ulikuwa unamuuma na hakusema.

"Wanichora mimi," akauliza mwishowe, "ama wachora leso?"

"Tulia, usitikisike."

"Uso wangu je?"

"Uso naujua. Nitautia mwisho."

Halafu wewe ukaamka ukalia, naye akainuka. Nilikasirika, Mungu anisamehe, nilikukasirikia wewe mtoto mchanga kwa kuharibu kunjo la leso. Nikamwambia basi, uso kesho. Alikuja na wewe begani, akainama nyuma yangu kuitazama karatasi. 

"Leso yangu hii hasa," akasema. "Hata pale ilipochomwa na pasi umepaona. Mwenyewe bado sijafika."

Kesho yake nilikuwa na kazi. Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha, chumba kikawa na giza. Iliyofuata sikumbuki hata kilichonizuia, pengine hapakuwa na kitu. Mama yako hakuniuliza tena. Aliiweka ile karatasi nyuma ya sanduku la nguo, mahali isipopata vumbi. Kisha ikaja homa, na hakuugua siku nyingi. Tulimzika Kaloleni wewe ukiwa mgongoni kwa Hawe, unavuta kitambaa chake cha kichwa na kucheka.

Niliporudi Changamwe niliitoa karatasi. Leso ilikuwa kamili, na juu ya leso palikuwa peupe. Nikasema nitautia uso sasa, nilimwambia naujua. Nikachora, haukuwa yeye. Nikafuta, nikachora tena. Nikaongeza nywele, msuko baada ya msuko, nikaongeza hereni, nikaongeza kope, na kila nilichoongeza kilizidi kumpeleka mbali. Usiku mwingi ulikwenda hivyo, mpaka mahali pale kwenye karatasi pakawa pembamba, kisha pakatoboka.

Mwaka ulipopita, Hawe wako akaota. Alimwona Kache amesimama nje ya mlango wa nyumba yetu ya Kaloleni, anasema ana baridi. Kwetu ndoto ya namna hiyo haina tafsiri mbili, marehemu anataka koma yake na kitambaa chake. Mimi ni Mkristo, nikajua katekista atasema nini, na kweli alisema, na nikaketi benchi la nyuma kanisani kwa muda mrefu. Lakini ni nani ataambiwa mkewe ana baridi akatulia?

Babu yako alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo nikasema nitaichonga mwenyewe. Nikajifungia bandani mwake na vyombo vyake. Niliwaza, karatasi imenishinda, mti hautanishinda. Nikaichonga macho, kope, matundu ya pua, midomo, na lile kovu dogo alilokuwa nalo kidevuni. Ilikuwa kazi nzuri, nakwambia kweli, Bwana Fonseka mwenyewe angevua kofia. Nikampelekea Hawe. Siku hizo macho yake yalikuwa mazima. Akaigeuza mikononi.

"Mzuri," akasema. "Ni nani?"

"Ni Kache, mama."

"Kache yupi?"

 Alinirudishia polepole, kama anayemrudishia mtu kitu alichokiangusha bila kujua.

"Koma haina uso, mwanangu. Babako hakukufundisha? Ukiitia uso umemweka mwingine mahali pake. Kache ajijua. Mpe pa kukaa, basi."

Nikaitia ile koma motoni, nikachukua mti mwingine. Nilikata kama baba yangu alivyokuwa akikata: kichwa, shingo, mwili. Haikunichukua muda. Nilikuwa nikilia kwa hasira, na sikuona hata vizuri ninachokata. Wazee wakaisimamisha, wakamwaga tembo la mnazi kidogo. Hawe akatoa kipande alichokichana kwenye ile leso ya korosho, kikafungwa shingoni pa kile kijiti. Nikamwona. Sidi, sijui nikwambieje. Hapakuwa na jicho wala mkono, lakini alikuwa amesimama pale na kitambaa chake, nami nikajua Kache amefika. Nilikaa chini vumbini mbele ya wazee wote, nikalia mpaka wakanionea aibu.

Ungedhani hapo nilijifunza. Nilirudi Changamwe, nikanunua karatasi mpya, nikaendelea. Nilitaka wewe uwe na uso wa mama yako, kijiti hakingekutosha. Nilichora ulipoota meno, nikachora ulipoanza shule, nikachora wakati wa vita karatasi zilipokuwa adimu, kwenye migongo ya vipande vilivyokatwa matbaa. Wewe ulikuwa ukidhani naleta kazi nyumbani.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Hawe. Uso wa mama yako siukumbuki tena. Umri haujanisahaulisha, nimeufuta kwa mkono wangu. Kila nilipochora uso usio wake, niliutazama sana nikitafuta kosa, na kwa kuutazama huo, huo ndio uliobaki. Leo nikifumba macho naona michoro yangu, imesimama mlangoni kama wageni, na yeye yuko nyuma yao simfikii. Lile kovu la kidevu, lilikuwa kushoto au kulia? Hawe asema kulia. Mimi nimelichora pande zote mbili. Ndiyo sababu nilikuzungumzia mvua, mwanangu. Uliniomba kitu nilichokuwa nacho mkononi, nikakipoteza kwa ajili ya maua ya leso.

Leo jioni mlipokwenda na shangazi zako kumuaga mchungaji, nilibaki na Hawe. Alikuwa amekaa mlangoni, uso wake ameuelekeza kwenye mwanga. Unajua siku hizi ugonjwa wa mtoto wa jicho umemfika macho yote mawili. Kitu kikubwa kikipita anakiona kivuli chake tu, basi. Nilichukua burashi na wino mzito wa matbaa. Nilijiambia leo sitatafuta alivyokuwa, nitatafuta alichokuwa akifanya.

Nikamkumbuka kwenye mbuzi, akikuna nazi. Alikuwa akikaa kiupandeupande, mguu mmoja ameunyosha, mgongo ameuinamisha. Mkono unakwenda na kurudi. Na kichwa chake, Sidi, sikuzote kilikuwa kimegeukia nyuma kidogo, begani, upande wa kushoto. Zamani nilidhani ni mazoea ya shingo. Nilimtania, nikamwambia atajikuna vidole. Leo burashi ikiwa mkononi ndipo nilipong'amua: pazia lilikuwa upande huo. Wewe ulikuwa umelala nyuma ya pazia, naye alikuwa akisikiliza kama umeamka. Kila nazi aliyoikuna tangu ulipozaliwa aliikuna amegeuza kichwa hivyo.

Nikachora mgongo kwa mkupuo mmoja. Nikachora mkono, na mguu, na mbuzi yenyewe. Kichwa nikakigeuza. Leso niliiacha, hata mstari wa pindo sikuutia. Nilichana karatasi kadhaa kwanza, usidhani nilipata mara moja. Ile iliyonitosha niliinyanyua mlangoni, kwenye mwanga, ili wino ukauke.

Hawe akainua uso.

"Kache," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizana mambo ya nyumbani. "Mwana ameamka?"

  Kisha akanyosha mkono, akagusa, akasikia ni karatasi.

"Ni mimi, mama," nikamwambia. "Ni picha."

"Najua sasa kuwa ni picha," akasema. Lakini hakuiachia. Aliishika mapajani mpaka aliposikia sauti zenu njiani, ndipo akanirudishia nikaifiche. Ile alama ya kidole ukingoni ni yake, wino ulikuwa haujakauka. Sikuifuta.

Basi hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kadibodi. Uso haumo, na sasa unajua kwa nini. Wenzako wakikuonyesha picha za mama zao na nyuso zao kamili, najua utaona uchungu, nami sina la kuutoa uchungu huo, ni wangu nimekupa wewe uubebe. Ila wakikuuliza mbona mama yako ametazama upande, waambie alikuwa akikusikiliza wewe.

Nimebakiza neno moja, juu ya ile siku ya majuzi nilipokuvusha Makupa kwenda kwa mpiga picha. Ulinuna njia nzima. Ulisema pesa hizo zingenunua viatu, na ulipovaa gauni lako jipya, nami nikamwambia yule kijana mpiga picha aje karibu, karibu zaidi, achukue uso peke yake, ulikasirika kwa kuwa gauni halitaonekana. Uliniuliza baba una nini. Nilikuwa na hayo yote uliyoyasoma. Picha itakuwa tayari ukiwa umekwishakwenda, nami nitaitundika hapa juu ya meza.

Unaposoma haya tutakuwa tumekwisha kuagana hapo stesheni. Najijua, sitakuwa nimesema lolote la maana. Utakuwa umeona shangazi zako wananisukuma niseme hata neno, nami nimesimama nimekukodolea macho kama mtu asiye na adabu, wewe ukitengeneza mkanda wa gauni, ukiuliza kama umekaa sawa. Usinihesabie vibaya. Mkanda sikuuona, wala gauni, wala sanduku.

Mara hii nilianza na uso.

Baba yako,
Danieli